Kato la Filbert Bayi

Mjomba wangu ni mtu wa kutunza karatasi. Ndani ya kopo kubwa la maziwa ya unga, uvunguni mwa kitanda chake huko Tandahimba, zimo karatasi zote za mauzo ya korosho tangu stakabadhi ghalani, mfumo wa kuweka mazao ghalani na kuyauza kwa mnada, ilipoingia huku kwetu msimu wa 2007/08. Nilipomtembelea msimu uliopita nilimkuta barazani, miwani imemteleza hadi ncha ya pua, kidole kinashuka taratibu juu ya karatasi ya mwaka huo. Kilo. Bei ya mnada. Halafu makato: chama cha msingi, chama kikuu, ghala, usafiri, halmashauri. Chini kabisa, kile kinachobaki cha kulia ugali.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba, mpwa wangu.” Hakuinua uso. “Mimi sigombani na makato. Nagombana na kato lisilo na jina.”

Hatua chache kutoka pale, chini ya mkorosho, wajukuu zake walikuwa wanabishana habari za mpira wa dhahabu, tuzo ya mchezaji bora wa mwaka: nani alistahili akanyimwa, nani alipewa kwa jina tu. Ubishi wa kawaida, ule ule unaousikia kwenye vibanda umiza vya Mtwara mjini, kila mtu na simu yake mkononi kama hakimu na faili. Mjomba aliwavumilia kwa muda, kisha akadakia kwa sauti: “Na Bayi je? Yule si aliibiwa mchana kweupe?”

Vijana wakatazamana. Mmoja akauliza, kwa adabu kabisa, “Bayi yupi babu? Yule mwenye shule?”

Sikucheka, ingawa nilitaka. Kijana hakukosea, shule zipo na zina jina lake. Lakini usiku ule nililala na swali la mjomba, nikaona kwamba nalo lina kasoro kuliko la mjukuu. Filbert Bayi, mkimbiaji wetu wa miaka ya sabini, hakupata dhahabu ya Olimpiki, hilo linajulikana. Je, aliibiwa? Tumezoea kuwatia wanamichezo wakubwa waliokosa taji katika gunia moja, tukalishona, tukaliandikia “walionyimwa haki”. Mkulima wa korosho hawezi kukubali uzembe wa namna hiyo. Anajua kwamba kuibiwa ni mizani iliyochezewa. Kushindwa ni shamba la jirani kuzaa kuliko lako, na hapo huna wa kumlaumu. Kukatwa ni jambo jingine kabisa: mali ilikuwa yako, imechukuliwa kwa sababu inayotajwa, pengine sababu njema, na wewe ndiye unayebaki na pungufu.

Turudi tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Bayi alikuwa na miaka 20. Mbio hizi zina desturi yake: watu huviziana mizunguko miwili na zaidi, kila mmoja akimtegea mwenzake, halafu mwenye miguu ya mwisho anachomoka. Bayi hakuvizia mtu. Bastola ilipolia aliondoka kama anayewahi basi la alfajiri, akafungua mwanya, na kundi zima likabaki linajiuliza kama kijana huyu ana akili timamu. Mzunguko wa mwisho John Walker, mwenyeji, alimfukuza huku uwanja mzima unamshangilia. Hakumfikia. Bayi alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi mpya ya dunia. Walker, aliyekuwa wa pili kwa 3:32.52, naye alikuwa ndani ya rekodi ya zamani ya Mmarekani Jim Ryun. Wa tatu alikuwa Ben Jipcho wa Kenya.

Ili uone ukubwa wa jambo lile, rekodi ya Bayi kama rekodi ya michezo hiyo ya Madola ilidumu hadi Birmingham mwaka 2022. Miaka 48. Wamekuja viatu vipya, viwanja vipya, vyakula vya maabara, wamekuja watu wa kulipwa kuongoza mwendo, na bado namba ya kijana wa Karatu ilikaa pale pale kwenye mashindano yale karibu nusu karne. Mei 1975, huko Kingston, Jamaika, akaongeza rekodi ya dunia ya maili moja, 3:51.0. Walker akajibu Agosti mwaka huo kwa 3:49.4, mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya 3:50. Mtu mwenye rekodi ya 1500 na mtu mwenye rekodi ya maili, mmoja wetu na mmoja wa New Zealand, na Olimpiki ya Montreal iko mbele yao mwaka 1976. Hakuna mbio zilizosubiriwa kuliko zile.

Hazikukimbiwa.

Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini mwaka huo huo wa 1976, makaburu wakiwa madarakani, wakati damu ya watoto wa Soweto waliopigwa risasi kuanzia tarehe 16 Juni haijakauka. Nchi za Afrika zikataka New Zealand iondolewe Montreal. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikajibu kwamba raga si mchezo wa Olimpiki, kwa hiyo haiwahusu. Nchi zaidi ya 20, karibu zote za Afrika, zikajiondoa. Tanzania ya Mwalimu Nyerere ilikuwa mstari wa mbele katika uamuzi ule. Bayi akabaki nyumbani. Walker akakimbia fainali akachukua dhahabu, kwa muda wa 3:39.17.

Sasa hapa ndipo mtu wa kusini anapaswa kunyamaza kidogo kabla ya kusema neno “aliibiwa”. Sisi hatukuusoma ukoloni na ubaguzi wa kusini mwa Afrika kwenye gazeti. Tarehe 16 Juni, siku na mwezi ule ule wa Soweto lakini miaka 16 nyuma, mwaka 1960, askari wa Kireno waliwapiga watu risasi Mueda, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma. Wamakonde wa Mueda na Wamakonde wa Newala ni watu wa nyumba moja waliotenganishwa na mto. Waliovuka walivuka na watoto mgongoni, na wengi hawakurudi tena. Wakawa majirani, wakwe, wachonga vinyago, walimu wa madrasa. Frelimo, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ilipoanza vita Septemba 1964, risasi za mwanzo zilipigwa Chai, Cabo Delgado, upande wa pili wa mto huu huu. Wapiganaji wao walifunzwa kambi ya Nachingwea, ambayo leo iko mkoa wa Lindi. Ardhi yetu ilitoa njia, chakula na makaburi.

Kwa hiyo asubuhi yake nikamuuliza mjomba: wewe mwaka 1976 ulikuwa kijana, ungeulizwa twende Montreal tukachukue medali, au tususie, ungesema nini?

Hakufikiri hata kidogo. “Tungesusia. Wale walikuwa wanaua watoto.”

“Basi Bayi aliibiwa na nani, mjomba?”

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akavaa tena. Hakunijibu. Akaichukua tena ile karatasi ya korosho, akaitazama kama mara ya kwanza.

Jibu langu ni hili: hakuna aliyemwibia. Bayi alikatwa. Nchi ilikuwa na mchango wa kulipa katika ukombozi, na sehemu ya mchango ule ilitolewa kwenye mauzo ya mtu mmoja. Kilichomo kwenye karatasi ya mjomba lakini hakimo kwenye ya Bayi ni ule mstari wenyewe, wa kuandika kwamba kiasi hiki kimekatwa kwa ajili ya jambo hili. Sijawahi kusikia kwenye hotuba yoyote ya kumbukumbu za ukombozi, na nimekaa kwenye jua nikazisikiliza nyingi, mtu akisoma orodha ya waliotoa akataja wanamichezo. Zinatajwa kambi, wanatajwa marais, zinatajwa bunduki. Medali ya mita 1500 ya Montreal haitajwi. Hilo ndilo kato lisilo na jina.

Wapo watakaosema nimemkuza mno, na wana hoja. Bayi alikuwa ameugua malaria karibu na michezo ile, na kuna wanaoamini kwamba hata angekwenda asingekuwa yule wa Christchurch. Inawezekana kabisa. Malaria tunaijua, ikikushika unaweza kukaa wiki mbili huwezi kupanda hata mwinuko mdogo tu. Vile vile wapo wanaokwambia usilinganishe muda: 3:39 ya Montreal ilikuwa mbio ya kuviziana, na mbio za kuviziana huwa za polepole, kwa hiyo pengo la sekunde saba kati yake na rekodi ya Bayi halithibitishi kitu. Hili la pili nalikubali nusu. Mbio ile ilikuwa ya kuviziana kwa sababu mtu pekee duniani asiyejua kuvizia hakuwemo. Mweke Bayi pale mstarini, hata akiwa na nusu ya afya yake, nawe huna tena mbio ya 3:39. Labda angeshinda, labda Walker angempata kwenye moja kwa moja ya mwisho. Ninachosema ni kwamba ingekuwa mbio nyingine.

Wenzake katika makato wapo, na mmoja wao alikatwa kuliko yeye. Henry Rono wa Kenya, mwaka 1978, ndani ya siku 81, alivunja rekodi nne za dunia: mita 10,000, mita 5,000, mita 3,000 za viunzi na maji, na mita 3,000 za kawaida. Hakuna aliyewahi kuwa na miezi mitatu kama ile. Olimpiki? Kenya ilisusia Montreal kwa sababu ya New Zealand, ikasusia tena Moscow mwaka 1980 kwa sababu ya Wasovieti kuivamia Afghanistan. Rono hakukimbia Olimpiki hata moja maishani mwake. Mike Boit, aliyekuwa na shaba ya mita 800 ya mwaka 1972, alipitwa na zote mbili pia. Ukitaka kujua uchungu wa neno “pungufu”, zitazame karatasi za watu hawa wawili.

Tanzania ilikwenda Moscow. Na Moscow ndipo hadithi ya Bayi inapobadilika jina, kwa sababu pale hakukatwa na mtu. Alishindwa.

Aliingia kwenye mita 3,000 za viunzi na maji, akakimbia kwa namna ile ile ya Christchurch. Aliondoka mbele, akafungua mwanya mkubwa, akawaacha wenzake nyuma wanahesabu mgongo wake. Ukiwahi kwenda shambani alfajiri wakati wa mvua, kwenye njia nyembamba yenye nyasi pande zote mbili, unajua kinachompata anayetangulia. Ndiye anayelowa. Suruali yake inachota umande wote, miguu inakuwa mizito, na wa nyuma anafika mkavu akiuliza kwa nini umechoka. Mbele ya mbio hakuna umande, kuna upepo, lakini mambo ni yale yale. Mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland alimkuta, akampita, akamaliza kwa 8:09.7. Bayi akapata fedha kwa 8:12.5. Kesho yake Suleiman Nyambui akapata fedha nyingine, mita 5,000, akiwa nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia kwa sehemu sita za kumi za sekunde. Hadi leo medali hizo mbili ndizo medali zote za Olimpiki za Tanzania. Mbili. Zote za mwaka mmoja, zote fedha.

Ninaposema Bayi alishindwa Moscow sina nia ya kumshusha. Namrudishia ukubwa wake. Mtu akiambiwa kila mara kwamba alidhulumiwa, anageuzwa kuwa wa kuhurumiwa, na mbio zake halisi zinasahaulika. Bayi alichagua namna ya kukimbia. Namna ile ina bei. Inakupa rekodi, kwa sababu rekodi hutaka mtu asiyengoja, na inakunyima mataji, kwa sababu taji halijali ulikimbiaje mizunguko ya mwanzo. Anayeongoza huwafanyia wenzake kazi. Dunia ya riadha ilikuja kulielewa jambo hili vizuri mno, ikaanza kuwalipa watu wa kuongoza mwendo, wakimbie umbali fulani kisha wajitoe. Bayi alikuwa mwongoza mwendo na mshindani katika mwili mmoja, bila malipo ya ile kazi ya kwanza.

Na hakuwa peke yake. Juma Ikangaa alikimbia marathoni kwa roho hiyo hiyo. Mwaka 1982 Brisbane, Michezo ya Madola, alikuwa mbele na mwenzake Gidamis Shahanga, wakaachia mwanya ambao watu walidhani hauzibiki. Robert de Castella, Mwaustralia, akauziba kidogo kidogo kama mtu anayelipa deni kwa awamu, akashinda kwa 2:09:18. Ikangaa 2:09:30. Halafu likaja jambo la Boston, ambalo kila nikilifikiri naona kama kuna mtu alikuwa anafanya mzaha. Mwaka 1988, wa pili. Mwaka 1989, wa pili. Mwaka 1990, wa pili. Mara tatu mfululizo, na kila mara nyuma ya mtu tofauti: Ibrahim Hussein wa Kenya, Abebe Mekonnen wa Ethiopia, Gelindo Bordin wa Italia. Ile ya 1988 ndiyo inayouma zaidi. Hussein 2:08:43. Ikangaa 2:08:44. Kilomita 42 na ushei, na kati yao sekunde moja.

Ikangaa hakutoka mikono mitupu. Alishinda New York mwaka 1989 kwa 2:08:01, muda ambao haukuguswa na mtu kwenye njia ile hadi mwaka 2001. Alishinda Tokyo mara mbili, akashinda Fukuoka. Lakini katika Olimpiki, wa sita mwaka 1984 na wa saba mwaka 1988. Hakuna aliyemkata, hakuna aliyemwibia. Alikuwa mtu wa kufuta umande kwa ajili ya wengine, na walipofika mwisho wakiwa wakavu, wakampita.

Paul Tergat wa Kenya nimtaje kwa sababu ni kinyume chake. Huyu alikuwa na akili ya mashindano, subira, na mwendo wa mwisho. Kwenye mbio za nyika za dunia alichukua mataji matano mfululizo, kuanzia 1995 hadi 1999. Tatizo lake lilikuwa moja na lilikuwa na jina: Haile Gebrselassie wa Ethiopia. Atlanta 1996, mita 10,000, wa pili nyuma ya Haile. Sydney 2000, wa pili nyuma ya Haile, kwa sehemu tisa za mia za sekunde. Kuna watu Mungu amewapa kila kitu isipokuwa mwaka mzuri wa kuzaliwa.

Na hapa niseme jambo litakaloniletea lawama. Nina ugomvi, si na John Stephen Akhwari, bali na namna tunavyomtumia. Mexico 1968, Akhwari alianguka kwenye marathoni, akaumia goti, akafungwa bandeji, akaendelea. Aliingia uwanjani giza limeingia, zaidi ya saa moja baada ya mshindi Mamo Wolde, akiwa wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza. Maneno yake kuhusu nchi yake kumtuma amalize mbio yameingia kwenye mabango, mahubiri, semina za ujasiriamali. Ni mtu mkubwa na heshima yake haina shaka. Ila jiulize kwa nini Mtanzania anayejulikana kuliko wote katika riadha duniani ni yule aliyemaliza wa mwisho, wakati aliyekimbia 1500 kwa kasi kuliko binadamu yeyote kabla yake anaulizwa “Bayi yupi, mwenye shule?” Nadhani dunia inaipenda Afrika ikichechemea. Inaihurumia, inaipigia makofi, inapata machozi. Mwafrika anayewaacha wote nyuma tangu bastola inapolia si rahisi kumtengenezea bango. Na sisi tumeipokea picha ile bila kuuliza, tukaitundika madarasani.

Kwenye mpira nitapita haraka, maana vijana wa chini ya mkorosho wameujaza vya kutosha. Mpira wa dhahabu wa Ufaransa, kwa miaka mingi, ulikuwa wa wachezaji wa Ulaya tu. Hadi 1995 ndipo ulifunguliwa kwa mchezaji wa taifa lolote anayecheza klabu ya Ulaya, na mwaka huo huo George Weah wa Liberia akauchukua. Kabla ya hapo Pelé asingeweza kuupata, Maradona asingeweza, Abedi Pele aliyechukua Kombe la Ulaya na Marseille mwaka 1993 asingeweza. Ukibisha kwamba Maradona alinyimwa unabishana na kanuni, na kanuni haina masikio. Hata Weah mwenyewe hakucheza Kombe la Dunia hata siku moja.

Ila kuna mmoja ambaye huku kwetu hawezi kupitwa. Eusébio alizaliwa mwaka 1942 Lourenço Marques, mji unaoitwa Maputo leo. Kombe la Dunia la 1966 lilimkuta akivaa jezi ya Ureno, akafunga mabao tisa, manne katika mchezo mmoja dhidi ya Korea Kaskazini waliokuwa wakiongoza 3-0, akamaliza mfungaji bora, akalia machozi baada ya kufungwa na Uingereza nusu fainali. Taji la dunia hakulipata. Ureno ikawa ya tatu. Sasa fikiri mkimbizi wa Mueda aliyekaa Mtwara mwaka ule, redio imewekwa juu ya kigoda, na mtangazaji anamsifu Mmsumbiji anayeibeba Ureno, huku wanajeshi wa Ureno hiyo hiyo wako ng'ambo ya mto wanachoma vijiji. Ashangilie au azime redio? Mzee mmoja aliyevuka miaka ile aliwahi kuniambia kwamba wao walishangilia mabao na kuomba Ureno ifungwe. Kwa hesabu ya mpira haiwezekani. Kwa hesabu ya moyo naielewa vizuri.

Na nisije nikaonekana naongelea mambo ya mbali tu: mwaka 2020 Namungo ya Ruangwa ilifika fainali ya kombe la shirikisho la hapa nyumbani, mjini Sumbawanga, ikafungwa na Simba 2-1. Lindi ilinuna wiki nzima. Hakuna aliyeibiwa pale pia, ingawa ukienda Ruangwa leo utaambiwa vingine.

Tarehe 15 Septemba 2025, marathoni ya ubingwa wa dunia ilikimbiwa Tokyo. Alphonce Simbu alikuwa mtu wa karibu-karibu hadi siku ile: wa tano Rio mwaka 2016, shaba London mwaka 2017, wa pili Boston Aprili 2025, kama vile kiti cha Ikangaa kilikuwa bado hakijapata mwenyewe. Siku ile Simbu hakufuta umande wa mtu. Alikaa ndani ya kundi, akawaacha wengine wapasue upepo, akafika uwanjani akiwa nyuma ya Mjerumani Amanal Petros, akamvamia kwenye mita za mwisho. Wote wawili waliandikiwa 2:09:48. Ilibidi picha itazamwe. Sehemu tatu za mia za sekunde. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha ikapatikana kwa kufanya kinyume kabisa cha yale tuliyofundishwa na Bayi na Ikangaa.

Nilipomsimulia mjomba hakuelewa hizo sehemu tatu za mia. “Ni kiasi gani hicho?” Nikatoa simu, nikafungua saa ya kupimia mbio, nikamwambia abonyeze kuanza na abonyeze kusimamisha, haraka kadiri awezavyo. Kidole chake cha mkorosho, kinene, chenye madoa ya utomvu wa korosho usiotoka, kikagonga kioo mara mbili. Ikasoma 0.21. Akajaribu tena. 0.18. Wajukuu wakaja, wakaanza kushindana, yule aliyeuliza habari za mwenye shule akafika 0.11 akarukaruka kama ameshinda yeye. Hakuna aliyekaribia 0.03.

“Na yule Ikangaa,” mjomba akauliza, “alikosa kwa ngapi?”

“Sekunde moja, mjomba.”

Akabonyeza. Akaangalia namba zinakimbia, akasubiri zifike moja kamili, akabonyeza tena. Ikawa imepita kidogo. Akaangalia kioo kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea, kisha akanirudishia simu.

“Ndefu,” akasema, akanyoosha mkono kuchukua kopo lake.